Mama Mnyonyeshaji Akilazwa: Majibu kwa Barua Zenu

Kuna swali ambalo hatukuwahi kuligusa katika safu hii, na wasomaji wametukumbusha: mama anayenyonyesha akilazwa kwa ugonjwa usiohusu uzazi, mtoto na maziwa vinakuwaje? Tumechagua barua saba kati ya zilizotufikia. Majibu yametolewa na wakunga na wauguzi wanaoandika safu hii. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuuliza vizuri ukifika kwa daktari, si za kujitibia.

Mke wangu anapasuliwa Jumatatu

*Mke wangu ana mawe kwenye kifuko cha nyongo na amepangiwa upasuaji wa nusu kaputi Jumatatu ya wiki ijayo. Mtoto ana miezi mitatu, hajaonja kitu zaidi ya maziwa ya mama. Wodini wanasema watoto hawaruhusiwi kulala. Mama yangu anashauri tununue maziwa ya kopo tuanze kumzoesha sasa hivi. Tufanyeje? – Baba wa mtoto mmoja, Dodoma*

Ndugu yetu, kopo liacheni dukani kwanza. Siku mlizo nazo zinatosha kuweka akiba ya maziwa ya mama mwenyewe, na mkijipanga vizuri mtoto atakosa ziwa kwa saa chache tu.

Anzeni na hesabu. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya tu hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, wengine pungufu, wengine zaidi. Kwa milo 8 ni kama mililita 100 kila mlo. Mama akiingia hospitali saa 12 asubuhi na mtoto akamfikia tena saa 12 jioni, hapo katikati kuna milo minne au mitano, yaani mililita 400 hadi 500. Aanze leo: kila asubuhi, mtoto akishashiba, akamue mililita 50 hadi 100, maana asubuhi ndipo maziwa huwa mengi. Yanayokamuliwa wiki hii yagandishwe. Kama friji yenu haina friza inayogandisha kweli, aanze Ijumaa, kwa sababu kwenye ubaridi wa kawaida wa friji maziwa hukaa siku 4.

Pili, aseme. Akifika mapokezi atamke wazi kwamba ananyonyesha mtoto wa miezi mitatu, na ahakikishe limeandikwa juu ya faili. Arudie kwa mtaalamu wa dawa ya usingizi. Mgonjwa wa nyongo kwenye wodi ya upasuaji hakuna anayemdhania kuwa ana mtoto mchanga mpaka gauni lilowe kifuani. Aombe pia sindano ya dripu iwekwe kwenye mkono asioutumia sana, na isiwe kwenye kunjo la kiwiko. Ikikaa pale, kila akikunja mkono kumpakata mtoto dripu inasimama, na nesi atakuja kumwambia anyooshe mkono. Mama aliyenyoosha mkono hampakati mtoto.

Kufunga kula kabla ya upasuaji kunamhusu mama, si mtoto. Anyonyeshe matiti yote mawili karibu kabisa na muda wa kuingia chumba cha upasuaji. Mtoto akiwa nyumbani, akamue. Akiingia na matiti yaliyojaa ataamka na maumivu mawili, ya mshono na ya kifua.

Baada ya hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Dawa za nusu kaputi zinazotumika siku hizi huondoka haraka kwenye damu. Mama akishaamka sawasawa, akajibu anachoulizwa, akaweza kumshika mtoto bila kumwangusha, anaweza kunyonyesha. Hana haja ya kungoja saa 24 wala ya kumwaga maziwa ya kwanza. Sharti moja tu usiku ule wa kwanza: asilale na mtoto kitandani, na mtoto akiwa kifuani awepo mtu aliye macho pembeni, kwa sababu dawa za maumivu zinaleta usingizi mzito.

Mkao: kwa nyongo, mshono au vitundu vingi huwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Alalie ubavu wa kushoto, kanga iliyokunjwa iwe kati ya tumbo lake na miguu ya mtoto. Kwa ziwa la kulia akae, mtoto apite chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni kwa mama. Mtoto wa miezi mitatu anapiga mateke, na teke moja kwenye mshono linaweza kumkatisha mama tamaa siku nzima.

Na ile kanuni ya wodi? Ina sababu, ambayo ni maambukizi, msigombane nayo. Lakini kumkataza mtoto kulala wodini si kumkataza kuletwa kunyonya. Nendeni kwa matroni kabla ya Jumatatu, siyo siku yenyewe, mkaombe saa zinazojulikana, kwa mfano saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, na mahali: kibaraza, chumba cha kubadilishia nguo, popote palipo na kiti. Ombeni kibali kiandikwe, kwa sababu mlinzi wa getini hamjui mtoto wala ahadi ya matroni. Kati ya saa hizo mama akamue kila baada ya saa 3, na usiku asipitwe hata mara moja.

Tunalisisitiza hili la saa kwa sababu ndilo linaloamua. Maziwa yanayobaki ndani ya titi yanaiambia tezi ipunguze kazi, na kadiri yanavyokaa ndivyo agizo linavyozidi kuwa kali. Mama wengi wanaotoka hospitali wakiwa wamekauka hawakukaushwa na ugonjwa wala na dawa. Ni saa zilizopita bila titi kuguswa.

Akiba ikipungua kweli, ongeeni na daktari kuhusu maziwa ya kopo na namna ya kuyaandaa kwa usafi, kwa siku hizo tu. Maziwa ya ng'ombe, uji na maji ya glukosi si vya mtoto wa miezi mitatu.

Nabana napata matone

*Nimelazwa, nimeambiwa nikamue kila baada ya saa 3. Nabana mpaka chuchu inauma, yanatoka matone tu. Pampu sina. Maziwa yameisha? – Mama wa miezi miwili, kutoka wodini, Kigoma*

Hayajaisha, mama. Unabana mahali ambapo hayapo. Chuchu ni mlango tu. Maziwa yamekaa nyuma yake, ndani zaidi.

Osha mikono kwa sabuni. Tafuta kikombe cha mdomo mpana kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyotoka kuchemka. Kaa, inama mbele kidogo. Usikimbilie kubana: kwa dakika mbili pitisha vidole juu ya titi taratibu kuelekea chuchu, zungusha chuchu kwa wepesi, shika nguo aliyoivaa mtoto au tazama picha yake kwenye simu. Mwili unahitaji muda huo kuachia maziwa. Anayeanza kwa kubana anabana titi lililofunga.

Sasa weka dole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, vikitazamana, kama sentimita 4 kutoka ncha ya chuchu. Vidole vilivyobaki vibebe titi. Sukuma vidole vyote viwili nyuma, moja kwa moja kuelekea mbavu. Vikiwa huko nyuma, finya vikaribiane. Achia. Sukuma, finya, achia, bila kuinua vidole na bila kuviacha viteleze juu ya ngozi. Kuteleza ndiko kunakochubua, na kuvuta chuchu kunaumiza bure. Mara za kwanza unaweza usione kitu. Endelea kwa mwendo uleule, yataanza matone, kisha vijito. Yakipungua, hamisha vidole kidogo kuzunguka titi, ili pande zote zifikiwe. Dakika 3 hadi 5 upande mmoja, hamia wa pili, rudi wa kwanza, rudi wa pili. Zoezi zima ni dakika 20 hadi 30. Kama linauma, mkono umekaa vibaya: simama, rudia kuuweka.

Kama mkono wenye dripu umevimba, au huwezi kukaa, ndugu anayekuuguza anaweza kukukamulia baada ya nesi kumwonyesha. Hata mama aliyepoteza fahamu anaweza kukamuliwa, na inafaa akamuliwe, kwa idhini ya familia na chini ya uangalizi wa wauguzi, walau titi lisigeuke jipu wakati anapigania uhai.

Ukishawishiwa kununua ile pampu ya bei nafuu yenye puto la mpira nyuma yake, iache. Maziwa huingia ndani ya puto na hakuna brashi inayofika kule. Mkono uliooshwa ni salama kuliko pampu hiyo.

Wodi haina friji, na joto hili la Pwani

*Dada yangu amelazwa wodi ya wanawake, mimi nakaa na mtoto nyumbani, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda. Maziwa anayokamua yatafika salama? Nimekuwa nikiyatia kwenye thamosi ili yabaki na uvuguvugu. – Shangazi wa mtoto, Mombasa*

Shangazi, thamosi kwa ajili ya uvuguvugu iache leo hii. Joto lile ndilo vijidudu wanalolipenda. Thamosi hiyohiyo, ikiisha kuoshwa na kusuuzwa kwa maji ya moto, ijaze barafu na uweke ndani yake kichupa cha maziwa kilichofungwa vizuri. Hapo imekuwa kitu kingine kabisa.

Kwenye joto la nyuzi 25 maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4. Mombasa mchana kunazidi hapo, basi jihesabie saa 2 au 3, yawe kivulini, yamefunikwa. Kwenye kasha la barafu lililojazwa vizuri hukaa mpaka saa 24. Kwenye friji yenye nyuzi 4 ni siku 4, na uyaweke nyuma kabisa, siyo mlangoni panapofunguliwa kila mara. Kwenye friza inayogandisha barabara, miezi 6 bila wasiwasi. Yaliyogandishwa yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, wala yasigandishwe tena. Mtoto akibakiza kwenye kikombe, una saa 2, kisha mwaga.

Tumia vichupa vyenye mfuniko, vya kioo au plastiki ngumu, mlo mmoja kila kichupa. Bandika plasta: jina la mama, tarehe, saa ya kukamua. Yaliyotoka kukamuliwa yakiwa na joto yasimiminwe juu ya yaliyopoa. Yapoze kwanza kando. Ukiona tabaka la mafuta limepanda juu, ndivyo yalivyo: tikisa polepole yachanganyike. Yakinuka kidogo kama sabuni baada ya kukaa kwenye friji hayajaharibika. Yakinuka uchachu, ndiyo ya kumwaga.

Kupasha, weka kichupa ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi mkono unastahimili. Kuyachemsha kwenye sufuria kunaua sehemu ya kinga iliyomo, na oveni ya maikrowevu huacha vidimbwi vya moto vinavyounguza mdomo wa mtoto huku kichupa chenyewe ni vuguvugu.

Mpe kwa kikombe kidogo, siyo chuchu ya plastiki. Mkalishe wima mapajani, mikono yake ukiizuia kwa kanga. Kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishwe mpaka maziwa yafike midomoni, kisha ungoje. Atayavuta mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie, hapo ndipo anapopaliwa. Atamwaga kiasi kwenye nguo, kwa hiyo weka kitambaa na usione ametumia machache ukadhani hakushiba. Mlo ujao atafidia. Chupa za kunyonyea ni ngumu kuoshwa, na mtoto akizoea maziwa yanayotiririka yenyewe anaweza kuligomea ziwa mama akirudi.

Nimeambiwa nimwage kwa sababu ya dawa

*Nilichomwa ceftriaxone na kupewa metronidazole kwa siku tano. Muuza duka la dawa akaniambia maziwa yote ya siku hizo ni sumu. Nimemwaga. Ilikuwa lazima? – Mama wa miezi saba, Arusha*

Haikuwa lazima, na tunasikitika pamoja nawe. Ceftriaxone inapita kwenye maziwa kidogo mno. Metronidazole kwa dozi za kawaida za miligramu 400 au 500 inaruhusu kunyonyesha. Mtoto anaweza kukunja uso kwa uchungu wake. Ni ile dozi moja kubwa ya gramu 2 ndiyo ambayo madaktari wengine hushauri kungoja saa 12 hadi 24, mama akikamua na kumwaga kwa muda huo tu.

Dawa nyingi za wodini ziko hivyo: paracetamol, ibuprofen, diclofenac, amoxicillin, sindano ya artesunate na dawa mseto ya malaria, insulini, methyldopa na nifedipine za presha. Picha za eksirei haziyagusi maziwa, na dawa ya kung'arisha picha ya CT au MRI haikulazimishi kuacha. Ukipenda, meza dozi mara tu baada ya kunyonyesha.

Ziko za kuogopa. Codeine na tramadol, ambazo ni dawa za maumivu: miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza haraka kuwa dawa kali zaidi, zikamfikia mtoto na kupunguza pumzi yake. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya zote mbili kwa wanaonyonyesha. Pethidine ya kurudiarudia humlaza mtoto mno. Mtoto wa mama anayetumia dawa kali za maumivu akilegea, akashindwa kuamka kunyonya au akipumua kwa shida, ni dharura. Dawa za saratani zinasimamisha kunyonyesha. Iodini ya mionzi ya kutibu tezi ya shingo inakomesha kabisa kwa mtoto huyo, kwa hiyo jambo hilo lipangwe wiki kadhaa kabla. Na kuna zisizomdhuru mtoto bali hukausha titi: bromocriptine, cabergoline, pseudoephedrine iliyomo kwenye vidonge vya mafua, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni.

Neno "acha kunyonyesha" likitamkwa, uliza mambo mawili: ni kwa dawa ipi kati ya hizi, na haina mbadala? Mara nyingi mbadala upo. Daktari au mfamasia mwenye simu anaweza kutazama dawa yoyote kwenye hifadhi ya bure iitwayo LactMed, iliyo kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ndani ya dakika moja.

Kifua kikuu, na dawa za ARV zilizobaki nyumbani

*Mdogo wangu amelazwa, vipimo vimeonyesha kifua kikuu. Pia yuko kwenye ARV, ila alipoletwa usiku hatukubeba dawa zake. Mtoto ana miezi minne. Majirani wanasema tumwachishe kabisa. – Dada, Mbeya*

Dada, kabla hujamaliza kusoma, mtume mtu akalete hizo ARV, au mwambie nesi awasiliane na CTC yake, yaani kliniki anakochukulia ARV, zitolewe wodini. Kila dozi inayopita inaongeza nafasi ya virusi kupanda, na hapo ndipo maziwa yanapokuwa hatari. Mama anayemeza ARV kila siku na kufubaza virusi anashauriwa kunyonyesha tu kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine, mwaka mmoja au hata miwili. Mtoto naye aendelee na dawa yake ya kinga kama alivyopangiwa. Kama mama alikuwa ameziacha kwa muda kabla ya kulazwa, mwambieni daktari ukweli huo leo, kwa sababu ushauri juu ya kunyonyesha unaweza kubadilika.

Kosa la pili linalotokea kwa nia njema: mama yuko wodini, ndugu nyumbani wanachanganya, leo ziwa, kesho ng'ombe. Kwa mtoto wa umri huo aliyezaliwa na mama mwenye VVU, mchanganyiko huo unaongeza hatari ya maambukizi. Chuchu iliyopasuka au titi lenye usaha nalo litajwe kwa daktari. Upande huo unakamuliwa na kumwagwa mpaka upone, mtoto anabaki na upande mzima.

Kifua kikuu hakipiti kwenye maziwa. Kinapita hewani, mama akikohoa. Kwa hiyo mtoto achunguzwe kwanza. Akionekana hana ugonjwa ataanzishiwa dawa ya kinga, na kama hajapata chanjo ya BCG itangojea amalize dawa hiyo, kwa kuwa dawa huua chanjo. Mama anyonyeshe amevaa barakoa, madirisha wazi, au bora zaidi nje barazani, na muda mwingine mtoto alelewe na mtu mwingine mpaka matibabu yashike. Kama ni kifua kikuu sugu kwa dawa, mpango ni mwingine, uandaliwe na daktari wa kitengo hicho.

Titi limekuwa jiwe

*Binti yangu alilazwa siku nne kwa malaria, hakunyonyesha. Sasa titi moja limewiva, gumu, na lina donge. Nimemkanda kwa maji ya moto na kulisugua kwa nguvu kama tulivyofanyiwa sisi, linazidi. – Bibi, Unguja*

Shikamoo bibi. Tunakuomba kusugua kukome leo. Donge lile si maziwa yaliyoganda tu. Ni tishu zilizovimba zikabana njia. Kulisugua kwa nguvu kunazipasua ndani, uvimbe unaongezeka, na hata usaha unaweza kufuata.

Mtoto anyonye kama kawaida, pamoja na titi linalouma. Hatadhurika. Likiwa gumu kiasi kwamba hawezi kulikamata, binti akamue kidogo tu kwa mkono mpaka eneo jeusi lilegee, kisha amweke. Akimaliza, kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kanga, kwa dakika 10 hadi 20. Ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, ameshakula, hupunguza uvimbe wenyewe siyo maumivu tu, ila ni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Asilifunge titi kwa kanga ya kubana, na asilale kifudifudi.

Homa ikipanda, mwili ukitetemeka, au saa 24 zikipita bila nafuu, aende kituo cha afya. Huenda akahitaji dawa kama cloxacillin au flucloxacillin kwa siku 10 hadi 14, na azimalize. Donge likibonyea kama lina maji ndani, huenda ni jipu: linanyonywa kwa sindano au kupasuliwa, na hata hapo upande wa pili hauachi kunyonyesha.

Wodi yetu si ya wazazi, tuanzie wapi?

*Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake. Tuko wawili zamu ya usiku kwa wagonjwa wengi. Mafunzo ya kunyonyesha hupewa wenzetu wa wodi ya wazazi. Kipi kinawezekana bila bajeti? – Muuguzi, Tanga*

Mwenzetu, umegusa penyewe. Mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ulioanzishwa na WHO na UNICEF mwaka 1991 ulijengwa kuzunguka kujifungua, na wodi nyingine zikabaki nje ya mlango. Lakini yanayohitajika kwenu ni machache.

Ongezeni swali moja kwenye fomu ya kupokea mgonjwa: unanyonyesha, na mtoto ana umri gani? Ulizeni kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa, mchana na usiku, hata aliyekuja na mguu uliovunjika. Jibu likiwa ndiyo, andikeni kwa kalamu nyekundu juu ya faili.

Kisha tumieni karatasi mliyo nayo tayari, ile ya maji yanayoingia na kutoka. Pembeni ya mkojo fungueni safu ya maziwa, mjaze saa ya kunyonyesha au kukamua na kiasi. Mtakapokabidhiana zamu, nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya saa 4 itaonekana bila kuulizwa. Na daktari kwenye raundi akiona kiasi kinashuka kutoka mililita 90 hadi 40 kwa siku mbili, ana pa kuanzia: mama anakunywa kiasi gani, analala, ana homa, kuna dawa mpya ya kukausha?

Mnahitaji kiti kimoja chenye mgongo, shuka ya kuning'iniza kwa staha, kikombe, sabuni, na kona kwenye friji moja hospitalini, hata kama ni ya wodi ya wazazi. Kwenye friji ya chanjo maziwa hayawekwi. Mkunga mmoja aje mara moja kuwafundisha kukamua kwa mkono; somo halizidi nusu saa.

Wakati wa kuruhusu, msiache mama aondoke bila kumwona akinyonyesha mara moja. Aliyekatiza kunyonyesha wiki mbili na titi limelegea mwambieni ukweli kwamba maziwa yanaweza kurudi, ila ni kazi ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Mtoto awekwe kwenye ziwa mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Akikasirika kwa kukosa, chukueni ule mpira mwembamba wa kulishia watoto wachanga puani, namba 5 au 6: ncha moja ibandikwe kwa plasta kando ya chuchu, nyingine itumbukie kwenye kikombe chenye maziwa anayopewa. Anapovuta ziwa anapata na maziwa, anaendelea kuvuta, na mvuto huo ndio dawa. Kikombe kikiinuliwa maziwa huja haraka, kikishushwa huja polepole. Mpira uoshwe na kusuuzwa kila baada ya mlo. Maziwa ya kikombe yapunguzwe kwa mililita 50 kwa siku nzima, kisha mngoje siku chache kabla ya kupunguza tena, mkitazama mkojo, usiopungua mara 6 kwa siku, na uzito kliniki, angalau gramu 125 kwa wiki. Uzito ukisimama, rudini hatua moja nyuma.